Rejista Aliyoiacha Rebeccah

Watu wengi wa Litein hawakulijua jina lake. Walimwita Mama Beji, ingawa hakuwa na mtoto, naye aliitika kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Jina lake ni Mellen Nyanchama. Duka lake liko ghorofa ya kwanza, nyuma ya jengo linalouza mbolea na mabati, na ukipanda zile ngazi za simiti unaisikia mashine kabla hujaiona: tak-tak-tak-tak, inanyamaza, inabadilisha uzi, inaanza tena. Beji za shule nyingi kuanzia Litein hadi kule kuelekea Sotik zimepita chini ya sindano zake sita. Mwenge, kitabu kilichofunguliwa, ng'ombe, majani mawili na chipukizi, tena majani mawili na chipukizi. Shule zetu zinapenda majani chai.

Mellen alizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi katikati ya shamba la chai, ambako baba yake, mzee Nyagaka, alikuja kuchuma majani akitokea Nyamira angali kijana. Mzee alipostaafu alirudi kwao. Ndugu zake Mellen nao wakarudi, mmoja baada ya mwingine, kadiri mashine za kuchuma zilivyoongezeka na watu kupunguzwa. Mellen alibaki. Alikuwa amejifunza kushona, na alikuwa amekutana na Rebeccah Chepkurui.

Rebeccah alikuwa mwenyeji, Mkipsigis wa hapo hapo juu ya Litein, mrefu, mwenye kicheko cha kushtua watu kanisani. Alikuwa amesomea kompyuta Kericho. Yeye ndiye aliyesikia kwamba kuna mashine ya kudarizi inayoendeshwa na kompyuta, na ndiye aliyeitafuta hadi akaipata, kuukuu lakini nzima. Wakaanza kazi mwaka 2007. Miezi michache baadaye ghasia zikaja, zile za mwaka mpya baada ya uchaguzi, na jirani wa jana akawa anamuuliza Mellen, mtu wa Nyamira, bado anafanya nini huku. Rebeccah alimpeleka kwao, akamlaza kwenye chumba cha mama yake wiki tano. Mtu alipokuja kuuliza, Rebeccah alisimama mlangoni na kusema, "Hapa kuna fundi wangu wa nyuzi. Kama una sweta ya kurekebisha, lete. Kama huna, rudi nyumbani." Hawakuizungumzia sana siku hiyo baadaye. Haikuhitaji kuzungumziwa.

Kazi waliigawa vizuri. Nyuzi, vitambaa, sindano na mafuta ya mashine vilikuwa vya Mellen. Kompyuta ilikuwa ya Rebeccah. Yeye ndiye aliyechora beji ndani ya ile programu, akahesabu mishono, akaituma kwenye mashine. Mellen hakuwahi kutaka kujua zaidi. "Hiyo kitu yako inanitazama vibaya," alikuwa akisema, na Rebeccah alicheka.

Kansa ya koo ilimwanza Rebeccah mwaka 2020. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, alizikwa kwao. Katika wiki zake za mwisho za kufika dukani, akiwa hawezi kumeza ila uji mwepesi, alimfundisha Mellen mambo matatu: kufungua programu, kuchagua beji, kubonyeza pale penye neno la kutuma. Mellen aliyashika hayo matatu kama mtu anayeshika kamba akivuka daraja la mbao, na kwa miaka miwili na miezi kadhaa hakugusa kitu kingine.

Hiyo miaka ilikuwa mirefu. Mtu anayefanya kazi na mwenzake muda mrefu hajui ni maneno mangapi husema kwa siku hadi aone hana wa kuambiwa. Asubuhi Mellen alisalimiana na muuza mbolea wa chini, "Chamgei," "Chamgei mising," basi. Wateja walipanda, wakaonyesha kitambaa, wakashuka. Lugha ya nyumbani aliisema Jumapili tu, kwa simu, kaka yake Mokaya alipopiga kutoka Nyamira.

"Mellen, huko unakaa na nani?"

"Nakaa na kazi."

"Kazi si mtu. Rudi nyumbani."

"Nitaangalia," alijibu kila Jumapili, na kila Jumapili simu ilipokatika alikaa nayo mkononi muda kidogo, akisikiliza mvua kwenye mabati.

Kwenye mwezi wa Novemba kompyuta ilianza kuzeeka ghafla. Kufungua programu, kazi ya dakika moja, ikawa ya dakika sita, saba. Ilinguruma kama pikipiki inayopanda mlima na abiria wawili. Kulikuwa na siku ilizima yenyewe katikati ya beji, na mashine ikaacha jani moja bila mwenzake. Mellen alizoea kuiwasha, kwenda kuchemsha chai, kunywa, kurudi.

Kisha siku moja ya mwanzoni mwa Januari, kisanduku chekundu kikatokea kwenye skrini. Kilisema kompyuta yake ina makosa elfu moja mia nane na ushee kwenye rejista, kwamba iko hatarini, kwamba kuna kisafishaji cha bure. Mellen alikuwa na beji mia mbili na ishirini za shule moja ya msingi upande wa Bomet, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Ilikuwa Jumatano. Alikiangalia kile kisanduku. Akawaza: makosa karibu elfu mbili, ndiyo maana inaugua. Hata mimi ningeugua.

Akabonyeza. Kisafishaji kikaingia, kikatembea huku na huku kwa mistari ya kijani, kikaleta orodha ndefu isiyosomeka. Kikauliza kama anataka kuhifadhi nakala kabla ya kufuta. Swali lilimchosha. Alijibu hapana. Kikauliza kama kifute yote. Alijibu ndiyo.

Kilipomaliza kilimpongeza. Mellen alifurahi kidogo, akafungua programu ya beji, na ile programu, ambayo ilikuwa ikifunguka kila siku kwa miaka kumi na sita, ikamwambia haimjui. Ikataka nambari ya leseni. Hakuwa na nambari. Diski iliyoileta ilikuwa imepasuka zamani, na duka la Nairobi lililowauzia lilikuwa limefungwa kabla hata Rebeccah hajaanza kuumwa.

Alikaa. Mashine ilikuwa imewaka, sindano zote sita zimetungwa nyuzi, kitambaa kimekazwa kwenye fremu. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kile kimoja ambacho hakuwahi kukielewa.

"Rebeccah," alisema kwa sauti, "nimeharibu."

Kwenye mlango wa kabati, Rebeccah alikuwa amebandika karatasi ya nambari za simu: stima, muuza nyuzi wa Kisumu, mwalimu fulani, na chini kabisa, "Isaiah K., kompyuta." Mellen alipiga ile ya mwisho. Ililia sana kabla haijapokelewa, na kwa nyuma alisikia ng'ombe.

"Haloo?"

"Ni Isaiah wa kompyuta?"

"Ni Isaiah Kiptum. Ya kompyuta niliacha. Nani huyu?"

"Mimi ni Mellen wa Litein. Wa beji. Nilikuwa nafanya na Rebeccah."

"Rebeccah Chepkurui? Tulisoma naye Kericho, darasa moja. Pole sana, mama. Nilisikia nikiwa nimechelewa. Hata mazishi sikufika."

"Asante."

"Mimi siku hizi niko Kipkelion, nafuga. Saa hii niko na ng'ombe moja inataka kuzaa. Kuna shida?"

Mellen alimweleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, akarudi mwanzo, lakini Isaiah alisikiliza bila kumkata. Alipofika kwenye kisanduku chekundu, mtu wa upande wa pili alivuta pumzi.

"Ilikuuliza uhifadhi nakala?"

"Iliuliza."

"Ukasema?"

"Nikasema hapana."

"Sawa. Si wewe wa kwanza. Sasa nisikize. Umejaribu kuweka kitu ingine tena? Umeongeza program yoyote?"

"Hapana. Nimekaa tu."

"Hiyo ndiyo imekuokoa. Usiguse kitu. Usifungue kisafishaji tena, usifute chochote. Nipe muda nimalize na huyu ng'ombe. Nitapiga."

Alipiga saa tisa alasiri. Ndama alikuwa jike, alisema, na mzima. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenawa mikono na kukaa chini. Mellen alivuta kiti mbele ya kompyuta, akaweka simu kwenye spika, juu ya boksi la bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini.

"Kwanza ujue ulifuta nini," Isaiah alianza. "Baba yako alikuwa na chai?"

"Alikuwa anachuma ya watu."

"Basi unajua pale kituo cha kupima majani. Mkulima anakuja na kikapu imejaa. Karani anaangalia rejista. Kama jina na nambari yako haiko, hapimi. Majani ni yako, shamba ni yako, umesimama hapo, lakini kwa kitabu wewe hauko. Ndiyo hiyo. Program yako bado iko ndani ya kompyuta. Imefutwa kwa kitabu."

"Kwa nini ifutwe na haikukosea?"

"Hapo sasa. Jina lake lilikuwa limeandikwa linaelekeza kwa nyumba gani? Rebeccah alikuwa na diski ya nje, ile ya kuchomeka?"

Mellen alikumbuka. Ilikuwa nyeusi, ndogo kama Biblia ya mfukoni, na humo ndimo programu ilimokuwa ikitafuta beji. Aliiangusha mwenyewe akifagia, mwaka wa kwanza baada ya mazishi, na haikuwaka tena. Beji karibu zote zilikuwa na nakala ndani ya kompyuta, kwa hiyo hakujali sana.

"Basi kisafishaji kiliona jina linaelekeza kwa nyumba imebomoka," Isaiah alisema. "Kikasema huyu mtu amehama, futa. Hizo program haziulizi majirani."

Wakajaribu njia ya kwanza. Isaiah alimwongoza hadi mahali ambapo kompyuta hujiwekea alama za kurejea nyuma, hali ilivyokuwa jana, juzi, wiki iliyopita. Mellen alisoma kilichoandikwa, herufi kwa herufi, kwa sababu hakuamini matamshi yake. Hakukuwa na alama hata moja. Diski ilikuwa imejaa, na kompyuta ilikuwa imeacha kuziweka.

Mellen alisikia maji yakimiminwa kwenye ndoo, huko Kipkelion.

"Mama Mellen. Rebeccah mimi nilimjua. Alikuwa mwoga wa kompyuta kuliko wewe."

"Rebeccah? Hapana."

"Alikuwa. Ndiyo maana alikuwa mzuri. Mwalimu alituambia kabla ya kugusa rejista toa nakala, na sisi wote tulikuwa tunaruka hiyo. Yeye hakuruka hata siku moja. Angalia kwa mafaili yake. Tafuta kitu imeandikwa kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla tu."

Ilikuwepo. Ndani ya nyaraka, chini ya folda za shule, kulikuwa na folda yenye jina moja tu: KABLA. Mellen aliifungua, na mistari ikajipanga kwenye skrini, ishirini na saba. Isaiah alimwomba amsomee majina. Mellen alianza kusoma, akaacha.

Kila nakala Rebeccah alikuwa ameipa tarehe, na baada ya tarehe neno au mawili ya siku hiyo, pengine ili asizichanganye, pengine kwa kujifurahisha tu. *Kabla, mvua ya mawe, tumekaa gizani.* *Kabla, Mellen amegombana na kinyozi.* *Kabla, tumekula mahindi mapya.* *Kabla, Mellen ana homa, niko peke yangu.* *Kabla, mama amekuja.* *Kabla, sauti yangu inakwaruza.* Hiyo ilikuwa ya Machi 2020. Kulikuwa na nyingine tatu baada yake. Ya mwisho ilisema: *Kabla, nimempa Mellen vitufe vitatu.*

"Mama Mellen? Simu imekatika?"

"Niko."

"Umeziona?"

"Nimeziona. Ngoja kidogo."

Alisimama, akaenda dirishani. Chini, muuza mbolea alikuwa akiingiza magunia ndani kwa sababu wingu lilikuwa limeshakaa juu ya mlima. *Niko peke yangu.* Kumbe siku moja tu ya homa ya Mellen, Rebeccah aliiona ndefu kiasi cha kuiandika. Mellen hakuwa amelia sana kwenye mazishi. Kulikuwa na watu wengi na kazi nyingi jikoni. Sasa alilia, simu ikiwa wazi kwenye boksi la bobini, na Isaiah Kiptum, ambaye hakuwa amemwona hata mara moja, alimngoja upande wa pili. Hakukata, na hakusema pole ya pili. Baada ya muda alikohoa tu kidogo, kuonyesha yuko.

"Haya," Mellen alisema. "Nifanye nini?"

"Kabla ya yote, nakala."

"Nakala ya nini, na imeshaharibika?"

"Ya hivyo ilivyo imeharibika. Tukikosea, afadhali turudi hapa kuliko twende mbali zaidi."

Alimwonyesha jinsi ya kuifungua rejista yenyewe, jinsi ya kutoa nakala yake nzima na kuiweka kwenye flashi, si kwenye kompyuta ile ile. Ilichukua muda. Kisha akamwonya. Ile nakala ya mwisho ya Rebeccah asiibonyeze mara mbili. Angeibonyeza, ingemwaga kila kitu cha mwaka 2021 juu ya vya leo, vizuri na vibaya, na pengine kompyuta isingewaka kesho. Walihitaji mstari mmoja wa familia: sehemu ya programu ya beji peke yake.

Basi wakaifungua kama maandishi. Kompyuta ilinguruma, skrini ikawa nyeupe, ikakaa nyeupe. Mellen alitaka kuizima. "Muache," Isaiah alisema. "Inasoma kitabu kubwa." Mwishowe maandishi yakaja, safu juu ya safu. Mellen alitafuta jina la programu kama alivyoambiwa, akalipata, akaweka alama kuanzia kwenye mabano ya kwanza hadi mwisho wa ukoo wake, akanakili kwenye karatasi mpya ya kompyuta, na juu kabisa akaweka ule mstari wa kwanza wa faili la Rebeccah, ambao bila huo, Isaiah alisema, rejista haikubali kusoma. Alimsomea Isaiah yote mara mbili. Kila nukta. Kila kistari kilicholala upande huu au ule. Mtu aliyekesha na nyuzi miaka hiyo yote anajua kosa dogo linavyoonekana likirudiwa mara mia mbili na ishirini, na Mellen alisoma hivyo.

"Sasa bonyeza hiyo ndogo. Ikikuuliza, soma kwanza. Usiseme ndiyo kwa kuchoka."

Iliuliza. Alisoma. Alisema ndiyo.

Programu ilifunguka. Ikachukua dakika zake saba, lakini ilifunguka, na chini kwenye kona, kwa herufi ndogo ambazo hakuwahi kuziangalia, ilikuwa imeandikwa kwamba imesajiliwa kwa jina la Rebeccah Chepkurui. Beji za shule zikajipanga zote. Moja tu ndiyo iliyopotea, ya kwaya moja ya kanisa, iliyokuwa kwenye ile diski nyeusi peke yake, na hiyo Mellen alikuwa na sampuli yake kwenye droo.

"Imekuja," alisema.

"Imekuja?"

"Imekuja yote. Isaiah, asante."

"Jishukuru mwenyewe. Ungekuwa mtu wa kubonyezabonyeza, hata hizo nakala ungekuwa umefuta." Kisha akauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo, "Lakini ulisema ilikuwa inanguruma?"

"Inanguruma sana. Na inazima."

"Hiyo si rejista. Kusafisha rejista hakufanyi kompyuta ikimbie, watu wanadanganywa tu. Zima, chomoa stima, fungua ubavu wake uangalie feni."

Mellen alichukua bisibisi ya mashine, akafungua. Ndani, feni haikuonekana. Kulikuwa na donge la manyoya ya nyuzi na sufu ya sweta, bluu na maruni na kijani, rangi zote za shule za eneo hilo, limeshikana kama kiota. Alilitoa kwa vidole, akamalizia kwa brashi ya kupaka rangi. Kompyuta ilipowaka tena ilikuwa kimya hata akadhani imekufa. Programu ikafunguka kwa dakika moja na kidogo.

Alicheka, peke yake, hadi akashika mbavu. Makosa elfu moja mia nane, na dawa ilikuwa brashi.

Beji mia mbili na ishirini ziliisha Jumapili saa kumi na moja jioni. Kaka yake alipopiga siku hiyo hakupokea, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi, na aliporudisha simu Mokaya alikuwa ameingia ibada ya jioni. Jumatatu mwalimu mkuu, mama mmoja anayeitwa Chelimo, alituma pikipiki ichukue mzigo. Hakujua chochote kilichotokea. Alituma ujumbe wa neno moja: "Nzuri."

Baada ya hapo Mellen alijifunza. Hakuwa na mtu wa kumfundisha ila Isaiah, na Isaiah alipatikana tu kati ya kukama na kukama. Alikiondoa kile kisafishaji kwanza. Alipunguza takataka za diski hadi kompyuta ikaanza tena kujiwekea alama za kurejea. Isaiah alimtajia kisafishaji kingine, cha kistaarabu, kinachotoa nakala bila kuombwa, akamwambia akitumie mara chache, tena akiwa na sababu. Mellen alikaa na orodha yake kama mtu anayechambua mchele. Kila mstari aliuliza: huyu namjua? Mstari wa printa iliyotupwa, aliufuta. Mstari wa mchezo fulani ambao hakuna aliyeucheza, aliufuta. Asichokijua alikiacha. Kuna siku alipitia mistari mia tatu akafuta minne, na akaona amefanya kazi.

Isaiah alipiga kila Alhamisi kwa wiki kadhaa, akiuliza mashine inaendeleaje. Mellen alianza kuchemsha chai mapema siku hiyo. Halafu mahindi yakapandwa, Isaiah akawa na shughuli, Alhamisi moja hakupiga, ikafuatwa na nyingine. Hakuwa na kosa. Kompyuta ilikuwa imepona, na mtu hapigi simu kuulizia kilichopona.

Mwezi wa Juni nambari asiyoijua ilimpigia. Alikuwa mwanamke aitwaye Jerusa, mwenye duka la sweta mjini Bomet. Alikuwa na mashine kama yake. Isaiah ndiye aliyempa nambari.

"Ilikuwa inaniambia kuna makosa," Jerusa alisema. "Nikasafisha. Sasa haifunguki."

"Umezima?"

"Bado."

"Usizime. Usiongeze kitu. Ilikuuliza uhifadhi nakala?"

"Nilisema ndiyo."

"Basi wewe una akili kunishinda," Mellen alisema. "Hicho kisafishaji kiko na mahali pa kurudisha. Tafuta neno la kurejesha. Soma polepole, mimi nasikia."

Walikuwa kwenye simu saa moja na nusu. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi. Iliyobaki Jerusa alikuwa anaogopa, na Mellen alimngoja. Alijua namna ya kungoja. Mambo yalipotengemaa Jerusa alimshukuru mara nyingi, akasema siku moja lazima aje Bomet, atamlisha, watakaa waongee mambo ya mashine mpaka wachoke. "Njoo Jumamosi," alisema.

Mellen alikwenda. Alifunga duka Jumamosi saa nne, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi, akavaa gauni lake zuri la zambarau, akabeba kilo moja ya nyuzi za maruni kwa sababu Jerusa alisema maruni inasumbua kupatikana. Bomet ilikuwa siku ya soko. Duka la Jerusa lilikuwa limejaa wazazi na watoto wakipimwa sweta, na Jerusa mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye futi ya kupimia shingoni, alimkumbatia, akamwonyesha kiti, akaitwa na mteja kabla Mellen hajakaa. Chai ililetwa kutoka hoteli ya jirani. Waliongea sentensi mbili, akaitwa tena. Mashine ya Jerusa ilikuwa inafanya kazi vizuri. Mellen aliiangalia muda mrefu, akaona mvutano wa uzi wa sindano ya nne umelegea, akaukaza bila kusema.

"Samahani, dada yangu," Jerusa alisema, akiwa na sweta mbili mkononi. "Sikujua watakuwa wengi hivi."

"Hapana, kazi ni kazi. Nimeona. Nimefurahi."

"Utakuja tena? Siku isiyo ya soko?"

"Nitakuja," Mellen alisema, na huenda alimaanisha.

Alifika Litein kabla ya saa kumi, mvua ikianza. Muuza mbolea wa chini alikuwa ameshafunga. Alipanda ngazi, akavua gauni la zambarau, akalitundika nyuma ya mlango, akawasha kompyuta. Kulikuwa na beji arobaini zilizobaki za ile kwaya, alizozichora upya mwenyewe kwa sampuli ya kwenye droo, msalaba na majani mawili, uzi mweupe juu ya bluu. Akakaza kitambaa kwenye fremu na kuanza ya kwanza.